Petite Barrière ya Gisenyi: Stesheni Isiyo na Reli

Mji wenye chemchemi za maji ya moto haukosi wageni. Nchini Japani miji mingi ya aina hiyo ina stesheni ya reli inayowashusha abiria karibu na mabafu. Stesheni ya Beppu, kwa mfano, ilifunguliwa mwaka 1911. Gisenyi nao, katika Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, una chemchemi zake huko Nyamyumba, kusini mwa mji, kando ya Ziwa Kivu. Wenyeji huziita kwa Kinyarwanda amashyuza, na wengi huenda kuoga humo wakiamini kwamba maji yake yanatibu maradhi. Lakini Gisenyi hauna stesheni. Abiria wake wengi hupita kwa miguu katika lango la mpakani liitwalo Petite Barrière, yaani kizuizi kidogo. Katika makala haya tunapenda kuonyesha kwamba historia ya lango hilo ni sehemu ya historia ya Kiswahili, ingawa vitabu vyetu vya kufundishia hulitaja kwa nadra.

Reli ambayo haikufika

Wajerumani walikusudia kuifikisha reli Rwanda. Baada ya Reli ya Kati kufika Kigoma mwaka 1914, walianza kazi ya njia nyingine kutoka Tabora kuelekea mto Kagera. Vita Kuu ya Kwanza ikaizima kazi hiyo mwaka uleule. Waingereza waliielekeza njia ya Tabora Mwanza, ilikofika mwaka 1928. Isaka, ambako leo mizigo ya Rwanda huhamishiwa kwenye malori, ipo juu ya njia hiyo. Rwanda yenyewe haina reli hadi sasa.

Kiswahili hakikungoja reli. Kilifika na misafara ya wafanyabiashara, askari na makarani wa utawala wa Kijerumani. Mtaa mmoja wa Gisenyi ulio karibu na lango unaitwa Majengo, jina ambalo msomaji wa Mombasa au Moshi hahitaji kutafsiriwa.

Mpaka katikati ya soko

Mpaka huu ulikubaliwa na Wazungu mjini Brussels mwaka 1910. Wabelgiji walipoitwaa Rwanda wakati wa vita, na kisha mwaka 1925 kuiunganisha Ruanda-Urundi kiutawala na Kongo yao, pande zote mbili zikawa chini ya bwana mmoja. Uhuru wa Kongo mwaka 1960 na wa Rwanda mwaka 1962 uliufanya kuwa mpaka wa mataifa mawili. Hata hivyo Gisenyi na Goma ziliendelea kuwa kama mji mmoja wenye lango katikati. Malori na magari hutumia zaidi Grande Barrière, karibu na ziwa. Petite Barrière ni ya waendao kwa miguu, na kabla ya mwaka 2020 makumi ya maelfu ya watu walipita hapo kila siku. Wengi wao ni wanawake wachuuzi wanaobeba nyanya, mboga, maziwa na samaki. Wamo pia walemavu wanaosafirisha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu.

Hao ndio huumia kwanza lango linapofungwa. Mwezi Machi 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, mpaka ulifungwa kwa abiria. Biashara iliporuhusiwa, wachuuzi walitakiwa kukusanya bidhaa zao na kuzituma kwa pamoja, na mwenye mtaji wa beseni moja hakuwa na nafasi katika utaratibu huo.

Mpaka huu umepitisha pia misiba. Julai 1994, mwishoni mwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mamia ya maelfu ya watu walivuka kuingia Goma, wakiwamo askari wa serikali iliyoshindwa na walioshiriki mauaji. Januari 2002 mkondo uligeuka: volkano ya Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya Goma, na wakazi wakakimbilia Gisenyi. Walikimbia tena Mei 2021 kwa volkano, na Januari 2025 kwa vita, waasi wa M23 walipoiteka Goma.

Lugha ya langoni

Langoni hukutana Kinyarwanda, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, lakini bei hupatanwa sana kwa Kiswahili. Si kile cha darasani. Mchuuzi wa Goma husema "batu banakuya" pale tunapofundisha "watu wanakuja", na hushukuru kwa "aksanti". Mwalimu anayeyaita hayo makosa anasahau kwamba lugha hiyo ilikuwa ikilisha familia kabla ya Rwanda kukifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na kabla ya Kongo kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Sheria hizo ziliwakuta wachuuzi wamekwisha kuvuka.

Tunawashauri wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu waende huko kukusanya msamiati wa biashara, wa forodha na wa ukimbizi, pamoja na simulizi za wanawake walioutumia miaka mingi. Nyaraka za wakoloni zimehifadhi ramani za reli ambayo haikujengwa. Maneno ya abiria wa Petite Barrière bado hayajaandikwa ipasavyo, na wazee wanaoyakumbuka hawatakuwapo siku zote.