Laini ya Tatu ya Jogoo Road Ilianza 1973

Saa moja kasorobo asubuhi, Jogoo Road, jam imeshika vile inashikanga. Mathree imejaa, kila mtu ana muziki wake masikioni. Dere anaangalia kioo cha kushoto, anakata usukani, na ghafla tuko juu ya njia ya watu wa miguu. Mama anayeuza mandazi anavuta ndoo yake. Kijana wa shule anaruka mtaro. Konda anapiga bodi na kiganja: "Hapo sawa dere, wacha hao walale!"

Na sisi abiria? Hakuna aliyesema kitu. Mimi, kusema ukweli, nilifurahi. Nilikuwa na mtihani saa mbili.

Wiki chache baadaye niko pale pale, lakini sasa natembea, na kioo cha mathree nyingine kinanigonga kiwiko. Haikusimama. Niliangalia watu waliokuwa dirishani, nikaona nyuso zinaangalia mbele, simu mkononi, kama hakuna kitu imefanyika. Hiyo sura niliijua. Ilikuwa yangu.

Sasa, ukiuliza mtu yeyote Nairobi kwa nini madere wanaendesha hivi, jibu liko tayari: hawana adabu. Si nimekuwa nikisema hivyo tangu nikiwa darasa la sita. Lakini adabu haielezi kwa nini dere wa 1985, dere wa 2003 na dere wa leo wanafanya kitu kimoja, ilhali ni watu tofauti, wengine hata hawakuwa wamezaliwa. Kuna kitu kinarithiwa hapa, na nadhani si tabia.

Turudi nyuma kidogo. Basi za mji huu zilianza 1934, na kampuni ya London ndiyo iliyozileta. Baadaye tukaijua kama Kenya Bus. Mwaka wa 1966 baraza la jiji liliipa Kenya Bus haki ya kubeba abiria peke yake, na jiji lenyewe likachukua robo ya hisa. Dere wa Kenya Bus alikuwa mtu wa mshahara. Basi ikijaa analipwa, ikienda nusu analipwa. Hakuwa na sababu ya kupanda kando ya barabara kukimbiza abiria wa mwenzake.

Shida ni kwamba hizo basi hazikutosha, na mji ulikuwa unafura. Sensa ya 1969 ilihesabu watu kama 509,000 Nairobi. Ya 1979 ilihesabu karibu 828,000. Wengi walikuwa Eastlands na mitaa ya mbali ambako basi ilikuja ikitaka. Ndiyo wenye pikapu na vigari vikuukuu wakaingia kujaza hilo pengo, bila leseni, wakitoza senti thelathini. Hela tatu za senti kumi kumi: hapo ndipo jina matatu lilitoka. Polisi waliwakimbiza kila siku kwa sababu kisheria walikuwa wezi wa abiria wa Kenya Bus.

Halafu 1973 Mzee Jomo Kenyatta akatoa amri: matatu ziruhusiwe kubeba watu bila ile leseni ya uchukuzi waliyokuwa wakidaiwa. Na wacha niwe mkweli, ilikuwa amri nzuri. Iliwapa watu kazi, na ikawafikisha kazini watu ambao mji ulikuwa umewasahau. Nyanya zetu wangetembea. Lakini angalia kilichoachwa nje. Hakuna aliyesema gari ngapi ziende njia gani, wala saa ngapi, wala dere alipwe vipi. Mlango ulifunguliwa, kila mtu akaingia, na barabara ikawa mnada.

Hapo ndipo hesabu ya siku ikashika mizizi. Mwenye gari anataka kiasi fulani kila jioni. Mafuta ni juu ya dere. Kile kinachobaki, dere na konda wanagawana. Hakijabaki? Pole. Kwa mpango kama huo, kila abiria ambaye matatu ya mbele imeokota ni ugali umetoka kwa sahani yako. Dakika kumi za kungoja kwa laini kama mtu mstaarabu ni pesa unamwachia yule asiyengoja. Mwizi wa laini ndiye analipwa, na mvumilivu ndiye anapigwa faini, hata kama hakuna karao karibu.

Serikali ilikuja kushtuka baadaye. Mwaka wa 1984 bunge likabadilisha Sheria ya Trafiki, matatu zikatakiwa kuwa na leseni ya PSV na kukaguliwa. Mwaka wa 1986 ikaanzisha Nyayo Bus, ambayo ilikuwa imekufa kabla wengi wetu tuzaliwe. Hata Kenya Bus haikupona: kampuni ya Stagecoach ya Uingereza ilinunua hisa nyingi 1991, na kufika 1998 ilikuwa imeuza na kwenda zake. Nani ataweza kushindana kwa ratiba na mtu asiye na ratiba?

Lakini sehemu ambayo inanikosesha usingizi ni ya Michuki. Ukitaja jina hilo mbele ya mtu wa miaka arobaini na kitu, uso wake unabadilika, kama anakumbuka ex mzuri. John Michuki, waziri wa uchukuzi, alitoa sheria mwaka wa 2003, na tarehe 1 Februari 2004 zikaanza kufanya kazi. Mkanda kwa kila kiti. Kidhibiti mwendo, mwisho kilomita 80 kwa saa. Mstari wa njano ubavuni. Dere na konda kwa sare. Hakuna kusimama ndani. Magari mengi ambayo hayakuwa tayari yalibaki nyumbani, na watu wa Nairobi wakatembea kazini kwa maelfu. Mamangu ni mmoja wao. Anasema alitembea na viatu mkononi, na hakukasirika, kwa sababu kwa mara ya kwanza aliona serikali imemaanisha.

Sasa hii ndiyo sikuwahi kufundishwa na mtu. Ndani ya sheria hizo hizo za Michuki kulikuwa na sharti kwamba dere na konda waajiriwe kwa kazi ya kudumu. Yaani ile hesabu ya siku ilifaa kufa pale. Kanuni za NTSA za 2014 zikarudia: mikataba ya maandishi, sheria za kazi zifuatwe. Mara mbili serikali iligusa mzizi wenyewe, kwa maandishi.

Na mara mbili haikung'oa. Fikiria vile sheria inasimamiwa huku kwetu. Karao anasimama kando ya barabara. Anaona mkanda. Anaona mstari wa njano. Anaona sare. Mshahara hauonekani kwa dirisha. Payslip haipakwi rangi ubavuni mwa gari. Kwa hivyo kilichoonekana kikafuatwa, kwa muda, na kisichoonekana kikaachwa kama kilivyokuwa. Mikanda ikachakaa, watu wakaanza tena kuambiwa "inama kidogo, karao mbele." Novemba 2018 waziri Matiang'i akalazimika kufufua sheria zile zile, miaka kumi na minne baadaye, na jam ikatulia kidogo, na tukarudi pale pale.

Kuna kifungu kingine kinanichekesha kwa uchungu. Mwaka wa 2012 Sheria ya Trafiki iliongezwa kipengele cha kukataza mtu kukwepa msongamano kwa kupitia njia ya watembeao au kukata katikati ya kituo cha mafuta. Faini hadi shilingi 30,000, au jela hadi miezi mitatu. Hebu tafakari. Ilibidi bunge zima likae chini na kuandika kwamba petrol station si barabara.

Najua utaniuliza: na hawa wa gari ndogo? Hawana hesabu ya kupeleka kwa mtu, mbona nao wanapanda kando? Hapo sina historia ya kuwatetea. Mtu ako kwa kiyoyozi, anangoja matatu ifungue njia, halafu anaifuata mgongoni kama kifaranga, na jioni anaandika mtandaoni vile matatu zimeharibu mji. Na wale wa ving'ora na taa za buluu, ambao wakati mwingine wanapeleka tu mtu saluni, hao tuwaache, tutakesha. Lakini hata hao walijifunza wapi kwamba laini ni ya wajinga? Wamekaa nyuma ya dere wa kwanza kwa miaka zaidi ya hamsini.

Mwezi uliopita nilikaa kiti cha mbele na dere mmoja mzee kiasi, mvi zinachungulia kwa kofia. Ilikuwa saa nane mchana, barabara tupu, na alikuwa anaendesha taratibu mpaka nikashangaa. Anawapisha watu kwa zebra. Nikamuuliza, "Mzee, mbona asubuhi hamwendeshangi hivi?"

Akacheka. "Kijana, asubuhi ni ya mwenye gari. Mchana huu ni ya mafuta. Yangu inaanza saa kumi na moja jioni."

Nikaangalia saa ya simu. Nilikuwa nishuke Makadara, na jioni ningerudi kwa miguu.