Desemba Nyeri: Familia zinavyojijengea desturi za likizo

Krismasi inapokaribia, magari ya abiria yatokayo Nairobi kuelekea Karatina, Othaya, Nyeri na Nanyuki hujaa pomoni. Nauli hupanda, na nyumba ambazo tangu Januari zilikuwa na wazee wawili tu hupokea watoto, wakwe na wajukuu. Shule huwa zimefungwa, na mwezi wenyewe una Jamhuri tarehe 12, Krismasi tarehe 25 na mapumziko mengine siku inayofuata. Huko Ulaya sikukuu hizi huangukia wakati wa theluji, lakini kando ya Mlima Kenya mvua za vuli huwa zinaelekea kuisha, na asubuhi kilele huonekana wazi kabla ya kufunikwa na mawingu. Baridi ya Nyeri inayowatetemesha watu ni ya Julai.

Wengi huichukulia safari hii ya nyumbani kuwa mila ya kale. Si ya kale sana. Wamishonari wa Consolata waliingia katika nchi ya Wakikuyu mwaka wa 1902, nao wa Kanisa la Scotland wakafungua kituo cha Tumutumu, karibu na Karatina, miaka michache baadaye. Kabla ya hapo sherehe zilifuata mavuno, tohara na ndoa. Kilichoifanya Desemba kuwa mwezi wa kurejea, mbali na kanisa, ni kazi ya mshahara iliyowapeleka wanaume Nairobi na katika mashamba ya walowezi, pamoja na kalenda ya shule. Hata kwao Waskoti, Krismasi haikuwa siku rasmi ya mapumziko hadi mwaka wa 1958. Kwa hiyo mzazi anayetaka kuanzisha desturi mpya nyumbani kwake hana sababu ya kuogopa kwamba anaharibu urithi wa mababu.

Pa kuanzia ni majina. Kwa utaratibu wa Wakikuyu, mwana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama. Binti wa kwanza huitwa kwa nyanya mzaa baba, na wa pili kwa nyanya mzaa mama. Wanaofuata hupewa majina ya ndugu za wazazi. Ndiyo maana ajuza wa Tetu husikika akimwita mjukuu wa miaka sita "mume wangu", na mama akamwita mwanawe "baba" bila mtu kucheka. Mtoto aliyelelewa Nairobi aweza kulibeba jina hilo miaka 15 asijue ni la nani. Zipo familia ambazo, kabla ya chakula cha Krismasi, humtaka kila mtoto aseme ameitwa kwa nani, na mtu huyo alikuwa nani. Ikiwa mwenye jina yu hai, mtoto huketi kando yake na kumpakulia chakula. Jambo hili halina gharama yoyote, na huenda ndilo litakalokumbukwa baada ya nguo mpya kuchakaa. Waembu na Wameru wana taratibu zao, na ndoa za siku hizi huzichanganya. Mtoto mwenye mama kutoka Chuka ana pande mbili za kusimulia.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo lina haraka. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Kuanzia mwaka wa 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu milioni moja kutoka maboma yao na kuwatia katika vijiji vilivyolindwa, vingi vikiwa vimezungushiwa mahandaki. Dedan Kimathi alikamatwa katika sehemu za Nyeri mnamo Oktoba 21, 1956, akanyongwa Februari 18, 1957. Mtoto aliyekuwa na miaka minane kijiji kilipojengwa sasa yuko karibu na miaka 80. Masimulizi ya nani alichimba handaki, nani alipelekwa Manyani, na shamba la familia lilikuwa wapi kabla ya mipaka kuchorwa upya, yamo vichwani mwa watu wanaopungua kila mwaka.

Simu ya mkononi yenye kinasa sauti yatosha kuyahifadhi, ila kuna adabu yake. Mzee asiulizwe mbele ya umati wala siku ya karamu yenyewe, muziki ukivuma. Afadhali jioni ya tarehe 27 au 28, wageni wakiisha kupungua, na mjukuu mmoja tu na swali moja tu. Aachwe azungumze Kikuyu. Tafsiri itafanywa baadaye. Tena kuna nyumba zilizokuwa na mwana mmoja msituni na mwingine katika walinzi wa serikali. Mzee wa nyumba kama hiyo akinyamaza, asisukumwe.

Kuhusu chakula, hakuna wa kumfundisha mtu wa Nyeri. Mbuzi huchinjwa, mutura huchomwa, chapati husukumwa kwa wingi, na mukimo wa viazi, mahindi na majani ya malenge hupondwa. Kinachofaa kuangaliwa ni nani afanyaye kazi. Mara nyingi wanaume huzunguka moto wa nyama hadi jioni huku wakwe wa kike wakishinda jikoni, na likizo ya mama ikawa kibarua. Kumfundisha mvulana kusukuma chapati, au msichana kupasua mbuzi, ni desturi njema kuanzishwa. Isitoshe, Desemba ni msimu wa mavuno makuu ya kahawa. Asubuhi moja ya kuchuma pamoja humwonyesha mtoto wa mjini karo ya baba yake ilitoka wapi.

Tohara ya wavulana nayo huangukia mwezi huu. Zamani za mtihani wa KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, wengi walitahiriwa baada ya darasa la nane. Mtaala mpya umewaacha wazazi wakichagua kati ya gredi ya sita na ya tisa. Makanisa kadhaa huwaweka vijana pamoja kwa mafunzo. Penye hatari ni pale baba anapolipa pesa na kuwaachia vijana wakubwa wamlee mwanawe majuma mawili, kwani huko ndiko pombe na vipigo huingilia. Baba au mjomba kukaa naye jioni kwa jioni hakuna mbadala.

Suala la ardhi lisiletwe mezani siku ya Krismasi. Familia nyingi huona hiyo ndiyo nafasi pekee ya kukutana, kisha karamu huvunjika kwa matusi. Kikao kipangwe siku yake, kiwe na mwenyekiti na mtu wa kuandika, na mabinti waalikwe, kwa kuwa Katiba ya 2010 na Sheria ya Urithi zinawatambua sawa na ndugu zao wa kiume.

Wapo wasioweza kusafiri: muuguzi aliye zamu, mlinzi wa usiku, aliyekosa nauli ya watu watano. Wengine wako Marekani, ambako theluji ni ya kweli. Hao hupika mukimo kwa viazi vya dukani na kupiga simu ya video. Wachague saa vizuri: Nyeri ikiwa saa kumi jioni, Boston huwa saa mbili asubuhi ya siku iyo hiyo. Watoto wameamka, nyanya hajalala, na bado kuna mwanga wa kutosha kumwonyesha mjukuu mti uliopandwa alipozaliwa.