Masasisho Yaliyosafiri kwa Basi

Anayetaka kujua mfumo endeshi wa Linux uliingiaje majumbani Mwanza aanzie stendi ya mabasi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lami kati ya Singida na Shinyanga ilikuwa bado, na mabasi mengi ya Dar es Salaam yalizungukia Musoma, Sirari, Nairobi na Arusha. Kompyuta za mitumba zilipita humo humo, zimeviringishwa blanketi, na pamoja nazo zilikuja CD zilizochomwa Nairobi, zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: Red Hat, Mandrake, Debian. Hakuna aliyezitangaza. Fundi wa Mtaa wa Rufiji alikuwa nazo kwenye droo, na ukimlalamikia kwamba mashine yako imeliwa na virusi kwa mara nyingine, alizitoa.

Mashine zenyewe tulichelewa kuzipata. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na hata marufuku hiyo ilipolegea, kwa miaka mingi kompyuta ilibaki kitu cha wizara, benki na mashirika. Linus Torvalds alipotangaza kazi yake juu ya kile kilichokuja kuwa Linux, akiwa mwanafunzi Helsinki, tarehe 25 Agosti 1991, mimi nilikuwa mwalimu kijana wa fizikia na sijawahi kugusa kibodi. Kompyuta ya kwanza kuingia nyumbani kwangu Nyasaka ilikuwa Pentium 4 ya mitumba, kava lake lina stika ya ofisi fulani ya Uingereza iliyokwisha kuibadilisha kwa mpya.

Kilichotufungulia mlango hasa ni posta. Toleo la kwanza la Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, lilitoka tarehe 20 Oktoba 2004, kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na kampuni yake ilikuwa tayari kumtumia CD yeyote duniani bila malipo. Hukutakiwa kadi ya benki wala dola. Ulijaza anwani, ukasubiri wiki kadhaa. Sisi tuliandika Sanduku la Posta la shule, na bahasha ilipofika mhasibu aliipeleka ofisi ya mkuu akidhani ni barua ya wafadhili. Zile za mwanzo zilikuja na CD mbili: moja ya kujaribia bila kuigusa diski yako, nyingine ya kusimika. Utaratibu huo ulifungwa Aprili 2011, na hadi leo naamini hakuna mradi wa msaada uliotufaa zaidi, kwa sababu haukutuuliza sisi ni nani.

Desemba ya mwaka ule ule wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux ulioshirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisi yenye menyu za Kiswahili kitupu. Nilitungia mitihani ya kidato cha tatu humo. Lakini taarifa za makosa ya mfumo wenyewe ziliendelea kutoka kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mafundi, na makosa ndiyo yaliyotuamsha usiku.

Kusimika Linux ilikuwa kazi ya alasiri moja. Kuisasisha ndiko kulikotutesa. Piga hesabu: modemu ya laini ya simu ya kilobiti 56, ikienda kwa kasi yake yote, inashusha kilobaiti 7 kwa sekunde. CD moja ya megabaiti 700 ingechukua zaidi ya saa 27 laini isipokatika, na laini ilikatika. Intaneti ya maana ilikuwa kwenye kafe za katikati ya mji, zilizotegemea madishi ya setilaiti na kutoza kwa nusu saa. Nyumbani ulikuwa na Linux iliyosimama siku ile ile CD ilipochomwa, na mianya yake yote ya usalama haijazibwa.

Basi watu wakabuni njia, na njia hiyo ndiyo ninayoiona kuwa mchango wa kweli wa mafundi wa ukanda huu. Ukishaleta nyumbani orodha mpya za vifurushi vya programu kutoka kafe, uliandika amri hii:

apt-get --print-uris upgrade

Mashine haikushusha kitu. Ilikupa orodha ndefu ya anwani za mafaili inayoyahitaji, kila moja na jina lake na ukubwa wake. Ukaihifadhi kwenye flashi ya megabaiti 512, ukapanda daladala hadi mjini, ukampa mhudumu wa kafe uliyeelewana naye. Usiku wateja walipopungua aliziendesha zile anwani mojamoja. Kesho yake ulirudi na flashi imejaa mafaili ya .deb, ukayanakili ndani ya /var/cache/apt/archives, ukaendesha amri ya kusasisha bila intaneti. Apt, programu inayosimamia vifurushi, ikiyakuta pale haiulizi yametoka wapi. Inakagua tu kama ndiyo yenyewe, kisha inayatumia.

Flashi hiyo hiyo ilirudi na mizigo mingine. Mashine za kafe zilikuwa Windows, na karibu kila moja ilikupachikia autorun.inf pamoja na faili la .exe lenye sura ya folda. Kwenye Linux vilionekana wazi, vimekaa havina la kufanya, ukavifuta. Majirani wengi waliovutiwa na Linux miaka ile walivutiwa na tukio hilo moja tu, kuona kirusi kilichowasumbua kimelala kama faili lingine lolote.

Aliyekwisha kushusha mafaili hakukaa nayo peke yake. Kulikuwa na programu iitwayo AptOnCD iliyokusanya vifurushi vyote ulivyonavyo na kuvichoma kwenye CD, na CD hizo zilisafiri. Zilivuka kwa kivuko cha Kamanga kwenda Sengerema, ambako kituo cha mawasiliano cha jamii kilikuwa kimekwisha kuwazoesha watu kompyuta tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zilipanda MV Clarias kwenda Nansio, Ukerewe, mikononi mwa mtu anayemjua mtu. Sharti lilikuwa moja: toleo la mashine yako lilingane na la mwenye CD. Kwa sababu hiyo mtaa mzima ulijikuta ukitumia toleo moja, na Ubuntu 6.06 ya Juni 2006, iliyoahidiwa masasisho ya miaka mitatu kwa kompyuta za mezani, ilikaa Mwanza muda mrefu kuliko watengenezaji wake walivyokusudia.

Kuchelewa kulitukinga mara moja. Tarehe 21 Agosti 2006 lilitoka sasisho la seva ya picha la Ubuntu 6.06 lililowaacha watumiaji wengi duniani na kioo cheusi chenye maandishi matupu. Marekebisho yalifuata upesi. Sisi wa flashi na daladala tulisikia habari hiyo wakati yenyewe imekwisha kupita.

Kwenye umeme hatukukingwa. Mwaka 2006 mabwawa ya umeme yalipungukiwa maji na nchi ikaingia kwenye mgao. Mwaka 2011 mgao ukarudi. Kijana mmoja wa Kirumba aliniletea mashine yake kwa bodaboda, ameipakata.

"Shikamoo, mwalimu. Imekufa."

"Marahaba. Umeme ulikatika ikiwa inafanya nini?"

"Inajiapdeti."

Haikuwa imekufa. Chombo kiitwacho dpkg hufanya kazi yake kwa hatua mbili: kwanza hufungua vifurushi na kuweka mafaili mahali pake, kisha hurudi kukipanga kila kifurushi kimoja kimoja. Kila hatua huiandika kwenye faili /var/lib/dpkg/status. Umeme ukikatika katikati, faili hilo bado linajua kipi kimefunguliwa tu na kipi kimemaliza. Unaiwasha mashine kwa hali ya uokoaji, unaandika dpkg --configure -a, inaendelea pale ilipoachia. Kikibaki kitu kinachodai kingine, unafuatisha apt-get -f install. Kijana yule alikunywa chai, na kabla ya giza akaondoka na mashine inayowaka, mafaili yake ya picha za harusi ya dada yake yapo yote. Fundi mwingine angemwambia apige mfumo upya, na picha zingekwenda.

Tatizo jingine lilikuwa letu hasa, sisi wa mitumba. Kompyuta iliyokaa ghalani Ulaya kwa miaka huwa betri yake ya saa imekufa, kile kidonge kinachoitwa CR2032 kwenye ubao mama. Ukiizima na kuchomoa waya, saa inarudi miaka nyuma, labda Januari 2002. Ukiiwasha, Linux inatazama diski na kukuta imeandikwa kwamba ilitumika mara ya mwisho mwaka 2010. Kwa hesabu yake hiyo ni siku ambayo bado haijafika, basi inagoma kuendelea mpaka diski ikaguliwe yote. Watu walikaa saa nzima kila asubuhi wakingoja ukaguzi, wakiamini diski inaoza. Miaka ya karibuni ugonjwa huo huo umebadili sura: apt hukataa kusasisha ikisema orodha ya vifurushi bado haijaanza kutumika, na kivinjari kinakataa kila tovuti salama. Dawa ni ile ile. Weka tarehe kwa mkono, kisha nenda kwa fundi saa ukanunue betri.

Waya wa SEACOM uliopita baharini ulianza kazi Dar es Salaam Julai 2009, na Mkongo wa Taifa ukaja kutufikia kanda ya ziwa. Hapo ndipo modemu ndogo za USB zilipoenea, nyingi za Huawei, nazo zikaleta kitendawili chao. Ukiichomeka, Linux iliiona kama CD, kwa sababu modemu ilijitambulisha kwanza kama CD yenye programu za Windows. Programu ya usb_modeswitch ndiyo iliyoiambia iache kujifanya CD iwe modemu. Shida ni kwamba programu hiyo yenyewe ilipatikana kwenye intaneti, na intaneti ilikuwa ndani ya modemu. Flashi na daladala zikarudi kazini kwa safari moja ya mwisho.

Haya yote niliyaandika kwenye kaunta buku, na sikuwa peke yangu. Fundi wa Mtaa wa Rufiji alikuwa na lake, mhudumu wa kafe alikuwa na lake. Mpangilio ulikaribiana: tarehe, aina ya mashine, maneno ya kosa yamenakiliwa herufi kwa herufi hata pale mwandishi asipoyaelewa, chanzo, amri iliyoponya. Ukurasa wangu mmoja unasema: "Baada ya kuhamia 7.04 diski imebadilika jina, ilikuwa hda sasa ni sda. Tazama /etc/fstab, weka UUID badala ya jina." Mistari miwili tu, na iliokoa mashine nyingi za wanafunzi wa Nyegezi. Tuliandika kwa sababu kusimika upya kulikuwa na gharama: nauli, nusu saa za kafe, kumwomba mtu CD. Ilikuwa rahisi zaidi kulisoma kosa.

Siku hizi bando la usiku linashusha mfumo mzima mtu amelala, na jibu la vijana kwa kila kosa ni kupiga upya. Nasikitika kwa hilo bila kuficha. Mwenye mashine anapoteza mipangilio yake, kijana anakosa somo, na kosa linarudi mwezi ujao kwa sababu chanzo hakikuguswa. Nimeona laptopu iliyopigwa upya mara kwa mara kwa ajili ya betri ya saa.

Na wateja wanaongezeka. Windows XP ilipoachwa tarehe 8 Aprili 2014, Pentium 4 nyingi za Mwanza zilihamia Linux. Tangu Windows 10 ilipofikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida, tarehe 14 Oktoba 2025, wanakuja wenye laptopu nzima zilizokataliwa na Windows 11. Hizo zinafaa kabisa, na wenye nazo watahitaji mtu wa kuwasomea makosa yao kwa Kiswahili.

Kwa hiyo nawaomba mafundi wenzangu wa zamani, wa Mwanza, Sengerema, Musoma na Bukoba: kaunta buku zenu msiwauzie wafunga karanga. Zipigeni picha ukurasa kwa ukurasa, wapeni vijana walioko dukani kwenu. Na wewe mwenye Pentium 4 ya zamani ambayo bado inawaka, usikimbilie toleo jipya. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisimikaji cha mashine za biti 32. Kaa na Debian 12, itapata viraka vya usalama hadi Juni 2028, na kabla ya siku hiyo nakili mafaili yako mahali pengine.