Picha zilizopanda treni hadi Tabora

Kule Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, tembe walilokaa David Livingstone na Henry Morton Stanley mwaka 1872 ni makumbusho, na njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji imeandikiwa vitabu vingi. Sinema ya Tabora imebaki vinywani mwa wazee tu. Naona hilo si haki, maana historia ya mji si ya wapelelezi na wafanyabiashara wa pembe peke yao. Ni pia ya makarani, mafundi cherehani na wanafunzi waliobana senti wakaone picha.

Picha hizo zilifuata njia ile ile ya kale. Reli ya Wajerumani, iliyokwenda karibu sambamba na mapito ya wapagazi, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza lilipofunguliwa mwaka 1928, Tabora ikawa njia panda ya reli. Pamoja na vitambaa, sukari na barua, treni zilipakia mikebe ya bati yenye mikanda ya filamu.

Mzigo huo haukuwa mdogo. Mkanda wa milimita 35 wenye urefu wa futi 1,000 huisha kwa dakika 11 hivi. Picha ya Kihindi kama Mother India ya mwaka 1957, inayokaribia saa tatu, ilihitaji mikebe ipatayo 16. Fundi alikuwa na mashine mbili: moja ikionyesha, nyingine imeshavishwa mkanda. Aliikodolea macho pembe ya juu ya pazia, na kidoa cha duara kilipochomoza aliwasha ya pili. Mkanda ukikatika, hadhira ilipiga miluzi gizani huku yeye akikata ncha zilizoharibika na kuziunga kwa gundi. Kila kiungo kilimeza sehemu ya picha. Basi nakala iliyokwisha kuzungushwa Dar es Salaam na miji mingine iliingia bara na makovu yake, wimbo ukiruka hapa, ngumi ikipotea pale.

Kihindi wengi hawakukijua, na wala hawakukihitaji sana. Katika Awaara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 kuna mama aliyefukuzwa akiwa mjamzito na mtoto aliyekua bila kumjua baba. Nani asiyeelewa hayo? Stelingi alishangiliwa, adui akazomewa, na aliyewahi kuiona picha akawasimulia jirani zake, watake wasitake.

Tabora ina fahari nyingine katika habari hizi. Rashidi Kawawa, aliyesoma Shule ya Serikali ya Tabora, aliigiza katika filamu ya Kiswahili Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Sura yake ilionekana kwenye pazia kabla haijaonekana kwenye magazeti ya Uhuru.

Kuanguka kwa sinema nchini kulikuja kwa hatua. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo makubwa ya kupangisha, kumbi za sinema zikiwemo, na waliozijenga wakawa wapangaji. Uagizaji wa filamu ukawekwa mikononi mwa Kampuni ya Filamu Tanzania. Fedha za kigeni zilipoadimika, hasa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, vipuri na picha mpya vikawa shida. Mpangaji gani angeezeka upya paa lisilo lake? Halafu zikaja kanda za video, na mwaka 1994 televisheni ikaanza kurushwa Tanzania Bara.

Sikubali kwamba watu walichoka na sinema. Walihamia vibanda umiza, kwenye mabenchi ya mbao mbele ya televisheni moja, ambako mtafsiri alishika kipaza sauti na kuwasemea kwa Kiswahili Wahindi, Wachina na Wamarekani. Kazi iliyofanywa bure na jirani wa kiti cha pili sasa ilikuwa na mwenyewe, naye alilipwa.