Roho Katika Michoro ya Watoto wa Terezín

Sisi walimu twapenda kusema kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Msemo huo una hekima yake; walakini historia yatuonyesha mwalimu mmoja aliyekataa kumkunja mtoto, mahali ambapo dunia nzima ilikuwa imekwisha kumkunja.

Friedl Dicker-Brandeis alizaliwa Vienna mwaka 1898, akasomea sanaa katika chuo cha Bauhaus mjini Weimar, Ujerumani. Alikuwa Myahudi. Mnamo Desemba 1942 Wanazi walimpeleka Terezín, mji wa ngome katika nchi iitwayo leo Ucheki, ambao waliugeuza kuwa kifungo cha Wayahudi. Mizigo iliyoruhusiwa ilikuwa michache. Yeye akaijaza vifaa vya kuchorea.

Huko masomo ya shule yalipigwa marufuku, ila kuchora kulivumiliwa. Basi akawakusanya watoto katika mabweni yao. Karatasi zilikuwa adimu, hata wakatumia fomu kuukuu za ofisi, wakizikata na kuzibandika wapate picha. Hakuwalazimisha kuiga mkono wa mtu mzima. Aliwahimiza watie majina yao kwenye kazi zao, ijapokuwa watawala waliwahesabu kwa namba. Watoto wakachora maua, vipepeo na nyumba walizozikumbuka. Wengine wakachora vitanda vya ghorofa na walinzi.

Mwalimu huyo hakuhubiri. Hata hivyo, twaona hapo jambo la kiroho. Mtoto aliyenyang'anywa nyumba na shule, aliposhika penseli, alipata tena uwezo wa kuumba. Mstari wake uliopinda ulishuhudia kwamba ndani yake mlikuwa na kitu kisichofungika.

Oktoba 1944 Friedl alipelekwa Auschwitz, akauawa. Na wengi wa wanafunzi wake waliuawa pia. Lakini kabla ya kuondoka michoro yapata 4,500 ilikuwa imefichwa katika masanduku mawili. Baada ya vita ilifikishwa Prague, na hadi leo imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Wayahudi mjini humo. Kwa baadhi ya watoto hao, picha yenye jina ndiyo alama pekee iliyosalia.

Basi, ndugu walimu, kabla kalamu nyekundu haijaigusa picha au insha ya mtoto, na tujiulize: je, hilo tuliitalo kosa, si mtoto mwenyewe anayetujulisha kwamba yupo?