Fistula ya puru

Fistula ya puru ni tundu kati ya uke na puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, linalopitisha hewa na kinyesi ukeni bila mwanamke kuweza kujizuia. Ni adimu kuliko fistula ya kibofu, inayovujisha mkojo, ingawa zote mbili huweza kumpata mtu mmoja. Hutibika kwa upasuaji.

Chanzo

Afrika Mashariki chanzo kikuu ni uchungu pingamizi. Kichwa cha mtoto kikikwama nyongani muda mrefu, hubana nyama laini kwenye mfupa. Damu haifiki, nyama hufa, na siku chache baadaye humeguka na kuacha tundu. Mara nyingi mtoto naye hufariki. Vyanzo vingine ni msamba uliochanika hadi puruni usishonwe vizuri, ukatili wa kingono, saratani ya mlango wa kizazi na kasoro ya kuzaliwa.

Dalili na uchunguzi

Tundu dogo hujificha. Choo kigumu hakipiti, kwa hiyo mwanamke huona hewa tu ikimtoka ukeni, na huchafuka anapoharisha. Daktari hulitafuta kwa kidole na spekulamu, kifaa cha kupanulia uke. Hupima pia msuli wa njia ya haja kubwa, maana ukiachwa umekatika kinyesi kitaendelea kumtoka hata tundu likizibwa.

Matibabu

Kwa kawaida husubiriwa miezi 3 hivi ili kidonda kitulie. Ukuta wa puru na wa uke hutenganishwa, kisha kila mmoja hushonwa peke yake. Tundu kubwa huweza kuhitaji kolostomi ya muda, yaani kinyesi kutolewa kupitia tundu la tumboni. Mtoto wa mimba inayofuata huzaliwa hospitalini, kwa upasuaji.

Bukoba na Muleba

Kinga ni upasuaji wa uzazi unaowahi. Mkoani Kagera, Tanzania, Bukoba ina hospitali ya rufaa ya mkoa; Muleba ina hospitali za Rubya, Ndolage na Kagondo. Lakini mjamzito wa visiwa vya Goziba, Bumbire au Ikuza hutegemea kwanza mtumbwi na hali ya Ziwa Viktoria. Tundu hurekebishwa katika hospitali ya Bugando, Mwanza, au ya CCBRT, Dar es Salaam, inayotibu fistula bure na iliyoanza mwaka 2009 kutuma nauli za wagonjwa kwa M-Pesa. Safari huanzia zahanati: anayesema anaharisha tu huondoka na dawa za tumbo, anayetaja hewa ukeni hupimwa.