Haibridi ikizima Isiolo: uliza vipimo kabla ya kutuma pesa

Tangu nirudi kutoka Isiolo nimeulizwa jambo hili na watu wengi hapa Mombasa, kwa hivyo naliandika lote mahali pamoja.

Gari langu ni Toyota Aqua. Tulilala Isiolo kwa wakwe. Asubuhi nabonyeza kitufe, neno READY haliji, taa za dashibodi zinafifia na pembetatu nyekundu imewaka. Nikawapigia walioniuzia gari, Nairobi. Waliomba picha ya dashibodi kwa WhatsApp, na baada ya dakika kumi wakaleta kwotesheni: betri kubwa mpya, kazi, na lori la kulibeba gari, jumla shilingi 310,000. Nusu itangulie siku hiyo hiyo. Pesa niliyokuwa nayo ilikuwa karo ya watoto wawili, na nakiri nilishaanza kuituma.

Shemeji yangu ndiye aliyenizuia. Aliniuliza, "Shemeji, wamepima na nini?"

Hawakupima na chochote. Na haibridi ina betri mbili, jambo ambalo wengi wetu tunalisahau. Ile kubwa husukuma gari. Kwenye Aqua ni ya volti 144, imeundwa kwa moduli 20 zilizounganishwa. Ile ndogo ya volti 12 ndiyo huamsha kompyuta na kufunga swichi zinazoiunganisha betri kubwa. Ndogo ikichoka, kubwa hata iwe nzima kabisa haiwezi kukusaidia, na dashibodi hujaa taa za kutisha. Fundi wa hapo mjini aliweka mita: volti 9.8. Betri nzima ikiwa imetulia husoma karibu 12.6. Tukanunua nyingine, READY ikaja.

Hakuishia hapo. Ubavuni mwa kiti cha nyuma kuna tundu lenye wavu ambalo feni huvutia hewa ya kupoza betri kubwa. Langu lilikuwa limezibwa na blanketi la mtoto, na ndani vumbi la safari nzima limeganda. Kwa joto la kule, betri isiyopata hewa hufa mapema. Alisafisha, akaunganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari, tukaona volteji za moduli zinakaribiana. Yote hayo hayakufika shilingi 20,000.

Sisemi kila anayetaja betri kubwa ni mwongo. Betri hizi huzeeka, na nyingi huku kwetu zimekuja na miaka yake tayari kutoka Japani. Lakini anayesema imekufa akuonyeshe msimbo uliosomwa na volteji za makundi ya moduli, gari likiwa limesimama na likiwa linavuta mzigo. Kundi moja likianguka mbali na wenzake, hapo ana hoja. Hata msimbo P0A80, unaosema betri ibadilishwe, hausemi ni kwa nini imechoka. Feni iliyoziba ikiachwa, betri mpya itafuata njia ile ile.

Sheria pia iko upande wako, nayo ni Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Mwenye gereji anatakiwa akupe makadirio kabla ya kuanza kazi, na bili isizidi makadirio kwa zaidi ya asilimia 10. Hawezi kukutoza ada ya kukadiria bila kukuambia mapema ni kiasi gani. Spea iliyotolewa una haki ya kurudishiwa, kwa hivyo waambie mwanzoni kabisa kwamba unaitaka. Spea mpya au iliyokarabatiwa, pamoja na kazi ya kuifunga, ina dhamana ya angalau siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia. Mkikosana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na huhitaji wakili. Ndiyo maana kila kitu kiwe kwa maandishi, hata kama ni WhatsApp: betri mpya au ya mtumba, kazi kiasi gani, usafiri kiasi gani. Kwotesheni yangu ilikuwa na mstari mmoja tu, "matengenezo ya mfumo wa haibridi". Mstari kama huo haukubani wewe wala wao.

Ikibidi gari lisafirishwe, lipandishwe juu ya lori zima. Aqua isivutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakizunguka, maana yameunganishwa na mota, na mota ikizungushwa huzalisha umeme. Na nyaya za rangi ya chungwa asiziguse mtu asiye na glavu za kazi hiyo na ambaye hajachomoa plagi ya usalama ya betri kubwa. Volti 144 zinaua.

Niliwaandikia wale wa Nairobi nikiomba vipimo vyao. Hawajajibu hadi leo. Blanketi la mtoto sasa linakaa kwenye buti.